Mbega Aliyepoteza Mkono Siku ya Wazazi

Jamani, hii nawasimulia nikiwa nimejifunika uso, maana mpaka leo nikiona kinyago cha mnyama masikio yananichoma (na msianze kucheka kabla sijamaliza). Ilikuwa miaka ya sabini, niko darasa la sita, tunakaa mtaa wa Jericho, na baba yangu alikuwa mchongaji wa vinyago, Mkamba aliyeheshimiwa na wachongaji wenzake wote. Mwalimu alinipa kazi ya kuwaeleza watoto wadogo habari za mbega wa msitu wa Kakamega, siku ya wazazi, kwa hiyo baba akanichongea mmoja kwa mti wa mhugu, jioni tatu nzima, mkia mrefu na uso kama wa mzee anayefikiria.

Asubuhi ya siku yenyewe nikasoma tena daftari langu: mbega hana kidole gumba. Nikamtazama mbega wa baba, anavyo, viwili, vinene kabisa! (Angejulia wapi, naye msitu ule hajawahi kuukanyaga?) Nikaogopa wazazi waliotoka Kakamega watamcheka, basi nikachukua kisu chake nivipunguze kimyakimya. Cha kwanza kiliondoka na mkono mzima. Nikaubandika kwa gundi ya unga, nikamwomba Mungu, nikaenda.

Nilianza vizuri: mbega huishi juu mitini, hula majani, na mtoto wake huzaliwa mweupe pe. Kisha nikamrusha hewani kidogo waone anavyoruka (nani alinituma?), mkono ukachomoka, nikainama kuudaka, mkia ukagonga meza ukakatika.

"Hiyo ni mbega ama ni kuku ya kuchinjwa?" baba mmoja akauliza kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, mimi machozi tele.

Baba akasimama, kofia mkononi. "Msicheke mtoto. Makosa ni yangu. Nilichonga na mti haijakauka."

Wachongaji wenzake waliokuwa pale ukumbini wakatazama chini, maana kwao kuchonga mti mbichi ni aibu ya fundi. Mti ule ulikuwa umekauka juu ya dari yetu tangu mwaka uliotangulia, nami nilijua, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko chote.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye akiugeuzageuza ule mkono uliokatika, mimi nikingoja kugombezwa.

"Mwaitu," akasema (kwa Kikamba ni mama yangu, ndivyo alivyoniita maana nilipewa jina la mamake), "siku ingine ukitaka kukata kidole, kisu ifuate nyuzi ya mti, isiipinge. Na uniambie kwanza."

Kumbe alijua! Nikalia upya, njia nzima.

Jumamosi akakaa na kipande kipya cha mhugu, akaniita: "Leta hiyo daftari yako. Tuanze na mikono."

Tangu hapo nimeapa, kazi ya mtu siigusi bila kumwuliza. Yule mbega wa pili, mwenye vidole vinne vinne, bado ninaye, na wajukuu wakitaka kumshika huwaambia kwanza habari ya mti mkavu ambao baba, mbele ya mafundi wenzake, aliuita mbichi kwa ajili yangu.