Rehani ya Dalmas

Dalmas Obiero hakuwa fundi wa magari, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kukuambia hivyo. Siku za wiki alikuwa mtu wa kiwandani, akisimamia mashine ya kufuma mablanketi huko Thika. Magari aliyapenda tu, kama wengine wanavyopenda mpira. Jumapili akitoka kanisani alivua shati la ibada, akavaa suruali iliyoshiba grisi, akangoja nje ya ploti alimopanga pale Kihunguro, Ruiru. Wenye magari mabovu hawakukosa kuja. Mkewe, Akello, alishazoea kula chakula cha mchana na watu asiowajua.

Kilichompa sifa ni masikio. Gereji nyingi hubahatisha: badilisha hiki, kikikataa badilisha kile, na mwenye gari aendelee kulia. Dalmas alisikiliza. Alizima redio, akashusha vioo vyote, akaendesha polepole, kisha kwa kasi, kisha akikata kona huku na huku. Akirudi alikuambia kinacholia ni nini na kiko upande gani. Na hakukubali mteja aingie naye. Mteja akiingia garini huongea. Atakusimulia fundi aliyemlaghai mwaka juzi na shemeji aliyemuuzia hilo gari, na sauti uliyoitafuta imeshakupita.

Sasa, nani atampa mtu asiyemjua ufunguo, kisha asimame amtazame akitokomea na gari lake? Hapo ndipo Dalmas alipojiona mjanja. Aliweka rehani. Alimkabidhi mteja simu yake na kitambulisho chake, akamwambia, "Shika hizi. Sasa mimi niko mkononi mwako." Wateja waliipenda sana desturi hiyo, na yeye aliionea fahari. Hakuwaza kwamba anayetoka hivyo anakwenda barabarani bila jina.

Jumapili moja akaja Waleed, muuza viatu wa hapo Ruiru, na gari dogo la bluu lililokuwa likivuma. Ukiongeza mwendo nalo linaongeza mvumo. Alikuwa amebadilisha matairi, amebadilisha shoki, na bado. Mkewe, Nadira, alikuwa amechoka na mafundi wa kando ya barabara. Alitaka gari lipelekwe kwenye gereji kubwa ya Thika, ile yenye sakafu ya vigae. Asubuhi hiyo Waleed aliaga kwamba anaelekea Thika, kisha akakata kona kwenda Kihunguro. Ulikuwa uongo mdogo wa mume anayekwepa maneno nyumbani.

Dalmas aliyafungua magurudumu, akayakagua, akayarudisha. Alipokuwa akikaza nati, spana iliteleza, ikamchana vifundo vya vidole. Damu ikachuruzika. Waleed akachomoa hanchifu yake nyeupe, akamfunga mwenyewe.

"Pole, fundi. Twende pamoja basi, nikusaidie kuendesha."

"Hapana, boss. Wewe kaa hapa unywe chai. Nataka kusikiza hii kitu peke yangu."

Akamkabidhi simu na kitambulisho, akaondoka. Simu ya Waleed mwenyewe ilikuwa imeteleza chini ya kiti cha dereva, na hakuna aliyejua.

Barabarani mvumo ulimjia vizuri kabisa. Bearing ya gurudumu, alijiambia, na ya nyuma. Alipofika Kamakis alisimama kando, mbele ya vibanda vya nyama choma, ahakikishe. Bearing iliyochoka huchemsha gurudumu, kwa hiyo unaweka kiganja kwenye rimu moja moja mpaka uipate yenye moto. Alishuka na spana mkononi, akachuchumaa kwenye gurudumu la kwanza. Alikuwa na furaha. Hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote za wiki nzima.

"Wewe! Hii gari umetoa wapi?"

Aliinua macho akaona mwanamke mwenye hijabu ya kijani, na mfuko wa matunda. Alikuwa Nadira, aliyekuwa akirudi kutoka Juja kumtazama mdogo wake.

"Ni ya customer, mama. Naijaribu tu."

"Customer gani?"

"Anaitwa Waleed. Nimemwacha kwangu, Kihunguro."

"Waleed ni bwanangu, na ameenda Thika. Wewe ni nani?" Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wa Dalmas. Pindo la hanchifu ile alilishona yeye kwa uzi wa bluu, na sasa ilikuwa imelowa damu. "Umemfanya nini?"

Akampigia mumewe. Simu ikaita mle mle garini, chini ya kiti.

Nadira akapiga yowe. Sitamlaumu kwa yowe lile. Mwenye mume angefanyaje?

Waliobaki ndio ninaowalaumu. Magazeti huwaita wananchi wenye hasira. Hasira gani, ya watu waliokuwa wakitafuna mutura vibandani na kucheka muda mfupi tu uliopita? Waendesha bodaboda ndio waliotangulia. Mmoja mwenye helmeti nyekundu aliivua, akamtandika nayo Dalmas usoni, na meno ya mbele yakaenda. Akaanguka. Mateke yakamshukia mbavuni, mgongoni, kwenye figo. Mtu alimkanyaga ule mkono uliofungwa hanchifu, akausaga kwa kisigino hadi kidole kikalia. Mwingine aliiokota spana yake mwenyewe, akaishusha kwenye sikio la kushoto. Dalmas alisikia mlio mwembamba mrefu, kisha upande ule dunia yote ikanyamaza.

"Ameua mzee wa huyu mama!"

"Achomwe! Leta petroli!"

Petroli ya pikipiki ikakingwa katika chupa ya soda. Buti la gari likafunguliwa, tairi la spea likatolewa, likavishwa shingoni mwake. Ajabu ya mtu anayependa magari: hata hapo aliliona tairi limeisha kabisa, akawaza kwamba angepaswa kumwambia Waleed. Kisha petroli baridi ikamwagika kichwani, ikamchoma majeraha, na woga ukamshika mzima mzima. Alijikojolea. Alimwita Akello. Alimwita mama yake, aliyekufa zamani.

"Simu yangu, Waleed ako nayo," alisema. "Piga namba yangu. Mama, piga."

"Anataka kuita wenzake!" alisema mwenye helmeti. Alikuwa akipapasa mifuko yake akitafuta kiberiti.

Nadira alikuwa amepiga magoti kwenye lami, akilia. Sijui ni nini kilichomfanya asikie. Labda lile neno, mama. Alitambaa hadi karibu na ule mdomo uliopasuka, na Dalmas akaitaja namba huku akitema damu. Nadira akaipiga, akakosea, akapokea mtu wa mbali asiyejua lolote. Kiberiti kilikuwa kimepatikana. Nadira akampiga kofi aliyekishika, kikaanguka, akamlazimisha Dalmas ataje tena, namba moja moja. Akaweka spika.

"Hello?" Ilikuwa sauti ya Waleed, na kinywani alikuwa na kitu anakitafuna. "Hii simu ni ya fundi. Ameenda kujaribu gari, atarudi sasa hivi. Nikupe bibi yake?"

Kila mtu akakumbuka alikokuwa akienda. Pikipiki zikanguruma, vibanda vikarudi kwenye nyama zao. Mwenye helmeti nyekundu ndiye aliyelitoa tairi shingoni.

"Pole, buda," alisema. "Si ungesema mapema."

Mbavu ziliunga, kidole kikaunga kikiwa kimepinda. Sikio la kushoto halikurudi. Hospitalini waliandika mengi, lakini Dalmas aliuelewa msiba wake siku alipowasha gari la jirani. Alisikia linalia. Hakujua linalia upande gani. Kwa sikio moja sauti zote hutoka mahali pamoja. Alizima injini, akalia hadi Akello akatoka nje.

Miezi ikapita. Nadira alimtumia matunda na salamu, naye akala matunda, salamu asizijibu. Kisha Jumapili moja gari la bluu likasimama nje ya ploti, likiwa na mvumo ule ule. Hakuna fundi mwingine aliyeupata. Waleed alitazama chini. Dalmas akachomoa simu na kitambulisho kwa mazoea, na Waleed akarudisha mikono nyuma.

"Mimi nitaenda naye," alisema Nadira.

Aliingia upande wa abiria, na safari hii Dalmas hakukataa. Vioo vilikuwa chini. Karibu na Kamakis mvumo ukapanda.

"Inalia wapi?" aliuliza Dalmas.

Nadira akajibu, lakini alijibu kwenye sikio lililokufa. Dalmas akamgeukia.

"Kwangu," alirudia Nadira. "Nyuma, upande wangu."

Akasimamisha gari kando. Harufu ya nyama choma ikaingia, na pikipiki zilikuwa zimepangwa pale pale. Dalmas alishika usukani kwa mikono yote miwili. Alijaribu kuufungua mlango, akashindwa. Jasho lilimtiririka shingoni.

Nadira alimtazama kidogo, kisha akashuka. Akakusanya buibui lake, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma mbele ya wale waendesha bodaboda wote, akaweka kiganja kwenye rimu.

"Ni moto," alisema.