Nyekundu Niliyoiita Kijani

Ipo siku naikumbuka, mwanangu, haina treni ndani yake, lakini nivumilie, uzee una njia zake. Nilikuwa mtoto, kijijini Bigwa. Mjomba aliyenilea alikwenda kumwoza bintiye kule Kilakala, kanzu kaigeuza ndani nje, mishono yote juani. Tuliona. Nani amwambie mjomba? Tulifundishwa heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Watani wakamcheka mpaka wakakaa chini. Aliporudi akauliza, "Nyinyi wote hamna macho?" Tukainama. Adabu, bwana!

Adabu hiyohiyo nikapanda nayo treni ukubwani. Nilikuwa msaidizi wa dereva aliyeitwa Mzee Kibwana, mkali, ila chai yake lazima mgawane. Sheria ilikuwa hivi: kila taa ya njiani, dereva aitaje kwa sauti, na msaidizi aitazame mwenyewe, naye aitaje. Asubuhi moja tunakaribia Mikese, jua linatupiga usoni.

"Kijani!" mzee akaita.

Mimi niliona nyekundu, nyekundu ya pilipili. Nikajibu, "Kijani, mzee."

Tukaipita. Kona ilipokwisha, mbele yetu treni ya abiria imesimama, kina mama wananyanyua ndizi madirishani. Mzee akashika breki, vyuma vikalia hadi menoni. Tulisimama karibu mno, nikasikia kichanga kinalia katika behewa lao la mwisho.

"We kijana, uliona nini?"

"Nyekundu."

"Ukasema?"

"Wewe ndiye mkubwa, mzee."

Nilingoja kofi. Akanitazama kwa huruma, ikaniuma zaidi. "Kumbe nimekufundisha kuniogopa mimi kuliko taa," akasema.

Siku hizi nasikia zipo treni zinazojifunga breki zenyewe zikipita nyekundu. Alhamdulillahi. Lakini mashine nayo huharibika, na nyumbani kwako hujafungiwa breki hizo. Mwanangu, mkubwa mpe shikamoo yake, mpokee na mzigo. Ila ukiona nyekundu, sema nyekundu, hata yeye akisema kijani. Heshima si utumwa. Nawe ukiwa mkubwa, usimkemee anayekwambia kanzu umeigeuza. Mungu akupe macho, akupe na mdomo wa kuyasemea.

Mzee Kibwana? Alikwenda kwa mkuu wa stesheni, akajisema mwenyewe. Kisha akaniachia chupa yake ya chai, ingali ya moto, akashika njia ya kando ya reli, Uluguru mkono wake wa kushoto. Hakuna aliyemfukuza. Hakurudi tena.