Sketi ya Marinda

Marehemu fundi cherehani hakuwakana watu wake. Hilo liwekwe sawa kwanza, maana wapo wanaolisema hadi leo, tena wengine hawajawahi kukanyaga dukani kwake. Kwamba alivaa sketi ya marinda akacheza katikati ya wanawake wa kabila jingine, ni kweli. Aliivaa juu ya suruali.

Duka lake lilikuwa chumba chembamba: cherehani chini ya dirisha, na meza ya kukatia iliyokula nafasi yote iliyobaki. Humo fundi alihesabu kila kitu kwa lugha ya kwao, vifungo, mita za kitambaa, hata vidato vya ngazi alipopanda kwenda nyumbani. Bibi yake alimfundisha hesabu hiyo kwa kuiimba, naye kila Jumamosi asubuhi aliwafundisha watoto wa jamaa zake lugha hiyo katika ukumbi wa mtaa. Cherehani ilimlisha. Darasa ndilo lililompa usingizi mzuri.

Mlango wa pili palikuwa na mwanamke aliyeuza vitasa na bawaba, mtaa mzima ukimwita Mama Vitasa. Yeye na wenzake wa kabila lao walikuwa na kikundi cha ngoma. Siku moja akaingia na robota la kitambaa cha sketi kumi na nne.

"Fundi, za mwaka jana zilichanika jukwaani. Mimi nilimaliza wimbo nimejishika nyuma kwa mikono miwili!"

"Zilichanikia wapi?"

"Uliza hazikuchanikia wapi."

Akazunguka mara tatu kati ya meza na mlango ili amwonyeshe. Fundi akatazama, akatikisa kichwa. "Kwa macho sitajua, dada. Nguo ya kuchezea sharti ichezewe."

Basi ikawa kila Jumamosi mchana, watoto wakishaondoka, wachezaji wanaingia ukumbini, na fundi anabaki. Alijifunga sketi iliyoshikizwa kwa pini, akazunguka nao ili asikie inabana wapi. Hatua zilimpotea asipohesabu, kwa hiyo alihesabu kwa sauti, kwa lugha ya bibi yake. Na ngoma yenyewe aliipenda, hakuficha. Alirudi nyumbani shati limelowa, akamwambia mkewe kwamba watu wale visigino vyao vinaongea.

Mtu akachungulia dirishani. Kufika Jumatatu, habari ilikuwa imeota miguu na mikono. Binamu yake mkubwa, katibu wa chama cha watu wa kwao, akaja dukani na hakutaka kuketi.

"Ndugu yangu, nasikia umehama."

"Nimehamia wapi, kaka? Duka si hili?"

"Usinifanyie mzaha. Anayerukaruka na sketi za watu hawezi kutufundishia watoto. Jumamosi kamati inakuja kujionea. Ikiwa kweli, darasa tunampa mwingine."

"Mwingine nani?"

Katibu akashika njia. Hakukuwa na mwingine.

Wiki ile fundi alishona mshono mmoja mara tatu. Mkewe alimsihi akae nyumbani Jumamosi hiyo moja tu.

"Nikikosa kwenda," alisema, "nitakuwa nimekiri kwamba nilikuwa nafanya aibu. Nilikuwa nafanya aibu, mama?"

"Hapana."

"Basi nipe tepu yangu ya kupimia."

Jumamosi kamati ikaja: katibu mbele, wazee watatu nyuma yake, na mke wa fundi nyuma ya wote. Katibu alishika kitasa cha mlango, mkono ukaganda hapo hapo. Ndani watu walikuwa wanahesabu. Haikuwa sauti ya fundi. Zilikuwa sauti za wanawake kumi na wanne, moja hadi kumi na sita, kwa lugha yao wenyewe akina katibu, kwa mahadhi yale yale ya bibi, na kila namba ikitua na kisigino.

Walipofungua, fundi alikuwa amepiga magoti akikunja pindo, mdomo umejaa pini. Asingeweza kujitetea hata angetaka.

"Nani kawafundisha hesabu hii?" aliuliza katibu.

"Nani mwingine kama si huyo mwenye pini!" alisema Mama Vitasa, akijifuta jasho. "Sisi kila mmoja alihesabu kivyake, tunagongana kama mbuzi. Ya kwake ina mwendo. Kwani tumekosea?"

Mzee mkubwa kuliko wote akajongea. "Kumi na tatu mnaikaza mno," alisema, akawatamkia. Wakaitikia. Akawatamkia tena, ingawa safari hii haikuhitajika. Kisha akageuka. "Katibu, wanao wanafika ngapi?"

Katibu alitazama viatu vyake. "Tano," alisema. "Wakibembelezwa."

"Walete Jumamosi."

Fundi akatoa pini mdomoni moja moja, akashusha pumzi aliyoibana tangu Jumatatu. Mkewe naye alitafuta kiti.

Darasa lilibaki lake miaka kumi na mmoja, hadi macho yalipokataa. Watoto wa katibu walikuja, kwanza kwa kuchelewa, baadaye kabla ya mlango kufunguliwa. Sketi hazikuchanika.

Wapo wanaouliza pia kama ile sketi ilimpendeza. Mjane wake anajua, na hasemi.