Nilimuuza ngamia ili nipimwe ini, na kilichoniuma kilikuwa ngozi

Salaam aleikum wakuu. Na wale wa salamu nyingine, habari zenu pia.

Naanza na bei, maana najua wengine mngeshuka hadi chini kuitafuta. Jambo hili lote lilinigharimu ngamia dume mmoja na mbuzi wawili. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili, na mara zote mbili nimeona nilinunua rahisi.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, Garissa, mwisho wa miaka ya tisini. Chumvi sijaongeza. Siku hizi hata ya chakula nimepunguza.

Mimi ni dalali wa mifugo. Wakati huo nilikaa Galbet, mtaa wa Garissa, na riziki yangu ilikuwa sokoni.

Kwa wasiojua: kwetu bei ya ngamia haitajwi kwa mdomo. Mnunuzi na dalali wanashikana mkono, shali inatupwa juu, na vidole vinaongea huko chini. Ukibana kidole kimoja ni bei fulani, ukibana viwili ni nyingine. Wanaosimama kando wanaona shali ikitikisika tu. Bei ikitamkwa kwa sauti imeshakufa, soko zima limeisikia.

Sasa fikirieni dalali ambaye hakuna anayetaka kumshika mkono.

Ilianza kwenye viwiko. Wekundu, halafu magamba meupe juu yake. Ikapanda kichwani. Mwishowe ikafika viganjani, vikapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Nikiinuka mkekani naacha ushahidi.

Hiyo ni psoriasis, wakuu. Haiambukizi. Lakini huwezi kusimama katikati ya soko la ngamia ukatoa mhadhara.

Kulikuwa na mnunuzi mkubwa, mzee kutoka Mandera, tulimwita Hajji Nur. Tulikuwa tumefanya biashara miaka mingi. Asubuhi moja nikanyoosha mkono chini ya shali kama kawaida. Akautazama. Mkono wake akautia mfukoni.

"Abti," akaniambia, yaani mjomba, "leo tuongee kwa mdomo tu."

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. Haikupita wiki kila mtu alikuwa anaongea nami kwa mdomo. Dalali wa namna hiyo ni redio tu, wateja wanasikiliza bei kwake kisha wanaenda kununua kwa mwingine.

Nyumbani nilikuwa na Habaryar Safia, mama yangu mdogo, aliyekuja kuniuguza. Yeye alikuwa na jibu.

"Ngozi imekauka kwa sababu ndani hakuna mafuta," akasema. "Hata kiatu ni hivyo."

Basi kila asubuhi kikombe cha samli ya ngamia na ng'ombe, sijui ilichanganywaje, ila ilishuka. Mafuta ya nundu yakipatikana, hayo pia. Juu yake chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko.

Ngozi haikusikia. Tumbo lilisikia.

Na hapa ndipo sisi watu wa huku tunapokosea. Nilivyonenepa, watu wakanisifu. Mashallah, umenawiri. Kwetu mtu mwembamba ni mtu ambaye ukame umempitia. Hata mimi mikono ikiniaibisha, nilijifariji kwamba mbele ninapendeza.

Siku moja nikasikia daktari wa ngozi amekuja hospitalini kutoka Nairobi. Alikuwa anakuja mara moja moja. Nikaenda, Habaryar nyuma yangu.

Daktari alikuwa mama mmoja wa bara, mpole, haharakishwi. Nilikuwa na hoja moja tu.

"Daktari, nasikia iko dawa kali. Dereva mmoja wa lori la Hagadera aliimeza, mikono yake ikawa ya mtoto. Nipe hiyo."

"Iko. Lakini inaweza kuumiza ini. Kabla sijakupa lazima tupime damu nijue ini lako likoje."

"Ini langu halijalalamika."

"Ini halina kawaida ya kulalamika mapema. Ukilisikia, mara nyingi limeshaharibika sana."

"Basi nipe nusu ya dawa, na vipimo vifanyike nusu."

Akaniangalia vile mimi humwangalia mtu anayeniuzia ngamia kilema jioni. Akaendelea na maswali. Nyumbani kuna mwenye ugonjwa wa sukari? Ndiyo, marehemu baba. Tumbo hili la lini? La mwaka huu. Halafu akauliza kama nakunywa pombe.

Wakuu, mbele ya Habaryar.

Kabla sijafungua mdomo Habaryar akanijibia. "Pombe? Huyu? Huyu hata soda hanunui."

Damu ikachukuliwa. Majibu yakarudi: kuna vitu kwenye ini vimepanda. Nikasema pimeni tena, hata mbuzi huhesabiwa mara mbili. Wakapima tena. Vimepanda vile vile.

Daktari akasema dawa kali sikupi. Nenda Nairobi ukapigwe ultrasound, tuone ndani.

Nilirudi nyumbani nikamtazama yule ngamia dume. Nilikuwa namtunza kwa ajili ya kupanua zizi. Nilimuuza kwa mdomo, kwa sauti, soko zima likisikia, na mnaweza kukisia bei. Mbuzi wawili wakafuata kwa ajili ya safari. Enzi hizo basi zilipita ile barabara ya Nairobi na askari ndani kwa hofu ya majambazi, kwa hiyo mtu hakusafiri kwa kupenda.

Nairobi wakanipaka kitu cha baridi tumboni, wakatazama. Yule yule daktari wa ngozi akanisomea majibu: ini limejaa mafuta. Fatty liver. Halafu akasema neno ambalo nimelishukuru hadi leo. Akasema ni mapema, hawajaona dalili za makovu, na hatua hii mara nyingi hurudi nyuma mtu akibadilika.

Nikamuuliza ini na viganja vimekutania wapi. Akasema psoriasis haiko kwenye ngozi tu. Ni moto unaowaka mwilini, ngozi ndiyo moshi wake. Anaona wagonjwa wengi wa psoriasis wenye tumbo na sukari, na akilipima ini lao halikosi jambo. Siku hizi nasikia madaktari wanalisema waziwazi. Wakati huo alikuwa anasema alichokuwa anakiona.

Hapo nikaelewa kwa njia yangu. Nimesimama machinjioni miaka mingi. Kondoo aliyenenepeshwa kupita kiasi, ukimfungua, ini lake limepauka, linateleza kwenye vidole. Wachinjaji hulitupa kando. Na mimi nilikuwa nakunywa samli kila asubuhi, nimejinenepesha mwenyewe kama kondoo wa Idd, tena kwa sifa.

Nikarudi Galbet na masharti. Sukari mwisho. Mafuta ya nundu mwisho. Sokoni kwenda na kurudi kwa miguu. Na samli mwisho, hapo ndipo vita ilipokuwa.

"Samli yangu imekukosea nini?" Habaryar akauliza.

"Habaryar, imeingia kwenye ini."

"Ilitakiwa iingie kwenye ngozi."

"Ilipotea njia."

Alinuna siku kadhaa. Nikarudi kwa daktari kumuuliza kuhusu mitungi ya samli iliyobaki nyumbani. Akasema ya kunywa hapana, ila nikitaka kulainisha magamba naweza kujipaka, haitaponya lakini haitafika kwenye ini. Habaryar akaridhika, samli yake inatumika. Nami nikaridhika, hakuna kilichomwagwa.

Kwa viganja daktari alinipa mafuta meusi yenye harufu ya lami. Galbet wakati huo haikuwa na barabara ya lami, nikawa mimi ya kwanza. Akaniambia pia niote jua la asubuhi kidogo kidogo, bila kujichoma. Jua, wakuu. Kitu pekee Garissa kinachogawiwa bila dalali.

Nilipungua. Sifa zikaisha, minong'ono ikaanza. Mnakumbuka miaka ile mtu akikonda watu walisema nini. Wengine walikuja kunipa pole kabla sijafa. Niliwapa chai, isiyo na sukari, hawakurudi.

Baada ya miezi mingi damu ikapimwa tena. Ini limetulia. Nikasema pimeni mara ya pili. Safari hii daktari alicheka, akakataa.

Viganja navyo havikupona kabisa, psoriasis huja na kwenda hadi leo. Lakini vilifunga.

Siku moja Hajji Nur alikuja kuangalia madume. Nikasimama mbali kidogo, nikasubiri atamke bei. Hakutamka. Alivua shali begani, akaitupa juu ya mkono wake, akaunyoosha kwangu.

Nikauingiza wangu. Akaushika wote, akakaa nao kidogo kabla hajabana kidole chochote.

"Umepona, abti?"

"Naendelea, Hajji."

Halafu akabana. Bei ilikuwa mbaya sana, ya wizi. Nikaikubali palepale. Ndiyo biashara pekee maishani mwangu ambayo sikuomba hata kidole kimoja zaidi.

Yule daktari alihamishwa. Nilikuwa nimempelekea mbuzi, akasema hospitali haina pa kumfunga. Popote alipo Mungu ampe umri. Angenipa tu ile dawa kali niliyoitaka, juu ya ini lililojaa samli, leo huu uzi angeandika mwingine, wa tanzia.

Nilichojifunza: ukiwa na psoriasis usitibu unachokiona peke yake. Omba wakupime ini na sukari ukiwa bado huumwi. Na kitambi si afya, hata kama mtaa mzima unakisifu.

Sasa nisaidieni. Mdogo wangu Bishar yuko Mandera. Magamba yameanza kwenye viwiko, tumbo limetangulia, na kila asubuhi ana kikombe chake. Nikimwambia akapimwe ini ananijibu, "Walaal, ndugu yangu, ini langu halijalalamika."

Wenye ndugu wa aina hii, mliwaambiaje wakakubali? Ngamia wa kuuza ninaye. Nilichoishiwa ni maneno.