Saa Mbili ya Mama

Mama aliposikia nimeingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya data, aliwatangazia wapangaji wenzake wote pale Huruma, mjini Eldoret, kwamba binti yake atapewa bando za bure. Sikumlaumu. Katika ploti ile ya vyumba vya kupanga, data ni kitu unachonunua kwa simu na kinakwisha kabla hujamaliza kutazama video ya harusi. Jirani wa chumba cha tatu alinipigia kuniuliza kama zitakuwa za mwezi mzima ama za siku moja. Nikamweleza kwamba data hii nyingine ni takwimu, kwamba kazi yangu ni kuzichora ili mtu azielewe kwa kuzitazama tu, na kwamba kuna watu ng'ambo wanaotoa tuzo kwa michoro iliyo bora. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama basi bando zenyewe hakuna.

Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, nyumbani kwangu Kimumu, kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Huchorea watu ripoti zao: mvua, mahindi, watoto waliochanjwa. Hakuna msomaji wa ripoti anayeuliza nani alichora. Kwa hiyo nikiri mapema: tuzo ile niliitaka kupita kiasi. Hata nguo ya kuvaa nilikuwa nimeshachagua.

Mchoro wenyewe ulitoka kwenye kalenda ya mama. Ni kalenda ya ukutani, ambayo Msomali mmoja mwenye duka la vitambaa huwapa wateja wake kila Disemba, na mama huitundika kando ya mlango. Ploti ina vyumba kumi na mfereji mmoja wa maji, na ufunguo wa kufuli ya mfereji hukaa na mama, kwa sababu amekaa pale muda mrefu kuliko wote na haoni haya kumwambia mtu ukweli. Zamani watu waligombana. Huyu anasema maji yalikuja jana, yule anaapa hakuona hata tone. Mama akachukua kalamu, akaanza kuandika kwenye kisanduku cha kila tarehe saa ambayo maji yalifika. Namba moja tu, kwa wino wa buluu. Siku ambayo hayakuja alikikata kwa mstari mwekundu. Tangu hapo mwenye maneno anaelekezwa ukutani, na mambo yanaishia hapo.

Mwaka mmoja ulipokwisha, niliiomba ile kalenda kabla haijatumiwa kuwashia jiko. Nikaiingiza kwenye kompyuta namba kwa namba. Kisha nikachora mduara wa saa ishirini na nne, kwa mtindo ambao majaji wa ng'ambo wangeuelewa: sifuri juu kabisa, kumi na mbili chini. Nusu ya juu, ya usiku, niliipaka giza. Kila siku ilikuwa duara jembamba, Januari katikati na Disemba ukingoni, na maji yalipokuja niliweka nukta ya buluu; siku yasipokuja, nukta nyekundu chini kabisa. Mchoro ulifanana na kitako cha kiondo. Nukta za buluu zilijaa zaidi ndani ya giza, kwenye mbili na tatu, yaani saa nane na saa tisa za usiku.

Sikushangaa hata kidogo. Nilipokuwa mtoto maji ya pale yalikuja usiku wa manane. Mama alikuwa akiniamsha, nami naburuta mtungi wangu wa lita tano huku baridi ya Eldoret ikinitoboa masweta mawili. Kwa hiyo nilichokiona kwenye kompyuta ni kitu nilichokijua tayari. Nikaandika maelezo ya kuambatanisha na mchoro, kuhusu wanawake wasiolala, na machozi yalinitoka nikiyaandika. Majaji walipotoa orodha ya mwisho walisifu jambo hilohilo. Walisema mchoro umewafanya wauhisi usiku wa wanawake hao. Niliisoma barua yao mpaka nikaihifadhi kichwani, nikamsomea hata mume wangu akiwa ananyoa ndevu.

Jumamosi iliyofuata nilichapisha mchoro kwenye karatasi kubwa pale mjini, nikaukunja, nikapanda boda hadi Huruma. Mama aliondoa vikombe na kitambaa cha meza alichofuma mwenyewe, akautandaza. Akavaa miwani. Nikamweleza juu ni usiku, chini ni mchana, na miezi ni hii. Mama si mtu wa kusifu haraka. Alianza kuikagua kazi yangu polepole, vile anavyochagua mchele. Kidole chake kilipofika Agosti kikakuta siku nne nyekundu zikifuatana, akazikumbuka: pampu iliharibika, na maji yakarudi siku ya harusi ya binti wa jirani. Akatafuta nukta ya siku hiyo ya harusi, akaipata.

"Mbona hii umeweka kwa giza?"

Nikamwambia ni kwa sababu maji yalikuja saa nane usiku.

"Siku hiyo tulikuwa tunaosha sufuria za harusi, jua imetoka. Nani anaosha sufuria saa nane ya usiku?"

Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeandika mbili, na kwenye kompyuta mbili ni saa nane usiku.

"Mbili ni saa mbili," mama akasema. "Saa mbili ya asubuhi. Kwani wewe ulizaliwa wapi?"

Mimi ambaye kila siku hupatana na watu saa mbili na sote tukafika saa mbili, niliketi mbele ya mashine nikahesabu saa za mama yangu kama Mzungu. Mbili zote, tatu zote, mwaka mzima. Maji yalikuwa yakija asubuhi watu wakishakunywa chai, au saa tisa alasiri. Mama akanieleza kwamba mwenye ploti aliweka pampu na tangi zamani sana, na usiku mfereji hufungwa kwa kufuli. Hakuna anayeamka. Hakuna asiyelijua hilo pale isipokuwa mimi, ambaye huja Jumapili nikala nikaondoka.

Nilipoelewa, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa furaha. Nilisikitika. Mama yangu alikuwa akilala usiku kucha, na mimi nikasikitika kwa sababu usingizi wake ulikuwa umeniharibia tuzo. Bado naona aibu ninapoandika haya.

Nilijaribu hata kujitetea. Nilimwambia mama, kwa kuzungukazunguka, kwamba watu wa ng'ambo hawatakuja Huruma kuuliza maji yalifika saa ngapi. Alivua miwani, akanitazama kama alivyonitazama nikiwa darasa la nne niliposema nimefua soksi na sikuwa nimezifua. Alienda kuinjika chai.

Jumatatu niliwaandikia majaji. Niliwaeleza kwamba kwetu saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na kwamba kosa ni langu, si la aliyeandika kalenda. Nikaambatanisha mchoro uliosahihishwa. Nukta zote zilikuwa zimehamia chini, kwenye mwanga, na juu hapakubaki chochote. Jibu lilikuja na adabu nyingi. Walinishukuru kwa ukweli wangu, ila kanuni hazikuruhusu takwimu kubadilishwa baada ya siku ya mwisho, kwa hiyo kazi yangu wameiondoa. Jaji mmoja aliongeza kwamba mchoro mpya, kwa maoni yake, hausemi kitu.

Habari hiyo nilimpelekea mama mimi mwenyewe, maana kwenye simu ningelia. Nilimwomba msamaha, kwa kuwa alikuwa ameshawaambia watu wa kanisani na sasa angelazimika kuwaambia tena. Akasema hao atamalizana nao yeye, nilete kile nilichobeba. Nikamtandazia mchoro mpya mezani. Safari hii hakutafuta tarehe wala mwezi. Alitazama pale juu, lile giza lisilo na nukta hata moja, akauliza ni kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi. Nikamwambia ni usiku wote, wa mwaka mzima.

Mama akaweka kiganja chake juu ya lile giza.

"Hapa ndio nimelala," akasema.