Ardhi Iliyonifinya Nyayo

Mwaka jana, kila nilipotawadha msikitini kwetu Mafiga, kitu kilinifinya nyayo kama siafu. Nikamwambia muadhini, rafiki yangu tangu madrasa. Akacheka.

"Sukari hiyo, mzee mwenzangu. Tunatawadha wote hapa, mbona hatufinywi? Wewe tia udhu nyumbani."

Zahanati walinipima, sukari hawakuiona. Hata hivyo hofu iliniingia, nikawa naswali nyumbani. Kuikosa swala ya jamaa kuliniuma kuliko miguu.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anafundisha umeme chuoni. Alikuja Ijumaa moja akanikuta kibarazani wakati wenzangu wamekwenda msikitini.

"Shikamoo, Mjomba. Unaumwa?"

Nikamweleza. Hakucheka. Akauliza, "Ukitawadha unasimamaje?"

Nikamwonyesha. Goti langu moja halikunjiki, kwa hiyo mguu mmoja huupeleka mbele sana. Na kandambili huzivua, ndivyo nilivyozoea.

Kesho yake tukaenda naye msikitini. Aliomba pampu ya kisima iwashwe, akachomeka misumari miwili kwenye udongo uliolowa penye mabomba na kusoma volti kwenye mita. Akawa anahamisha msumari mmoja, na kila palipotoa namba sawa akanyunyiza chokaa. Yakatokea maduara, moja ndani ya jingine, kama matuta ya mashamba ya Uluguru ukiyatazama kutoka ng'ambo. Katikati yake palikuwa na fimbo ya shaba ya ethi, ile inayopokea umeme uliovuja na kuupeleka ardhini.

Zamani, pampu ilipokuwa inafungwa, fundi alisema fimbo inataka udongo usiokauka. Sisi wazee tukaona hakuna udongo wa namna hiyo kupita pale maji ya udhu yanapomwagika. Sasa waya wa pampu ulikuwa umechubuka, na umeme ulikuwa ukishukia pale pale tunapotawadhia.

"Maduara yakibanana, mteremko wa volti ni mkali," mpwa wangu alisema. "Mjomba mguu mmoja uko penye volti ya juu, mwingine penye ya chini, umeme unapita kwake. Nyie mnabana miguu, tena mna kandambili."

"Kwa hiyo goti lake bovu ndilo lenye akili," alisema muadhini.

Pampu ikazimwa hapo hapo. Mpwa wangu akachora kiwanja chote kwenye kompyuta, akawa anaihamisha fimbo huku na kule mpaka rangi nyekundu ya hatari ikaondoka kwenye njia za watu. Fundi akaitwa, akabadilisha waya, akaizika fimbo nyuma ya ukuta, pasipopita mtu. Pampu ilipowashwa tena, mita haikuonyesha cha kutisha.

Goti hili nimeliombea dua miaka mingi lipone. Siku ile nilimshukuru Mola kwa kuichelewesha dua hiyo, maana watoto wa madrasa hukimbia pale bila viatu.

Muadhini akavua kandambili, akatanua miguu kama anayeruka mtaro, akafungua bomba.

"Hamna kitu," akasema. "Njoo utawadhe, nataka kuadhini."