Ng'ombe wa Bosi

Leo nimeona mama yangu akificha mkono chini ya leso mbele ya wakili.

Miaka minne iliyopita, mashine ya kiwanda cha samaki wa mbuta ilimkata vidole vitatu akiwa kazini.

Hatukushtaki. Wiki hiyohiyo baba alifariki, na bosi wa kiwanda akatuletea ng'ombe wa matanga.

Mama alikataa kabisa kushtaki. "Mtu amelia na wewe, utampeleka kortini aje?"

Juzi mkono ulianza kufa ganzi. Alipomwendea bosi, akamwambia hayo ni mambo ya zamani.

Ndio tukaenda kwa wakili hapa Kisumu. Akauliza tarehe ya ajali.

"Mama, sheria ilikupa miaka mitatu ya kushtaki. Imepita."

Jameni, ni sisi tu hatukujua?

Tukishuka ngazi, mama ameniuliza kitu kimoja.

"Na bosi, yeye alijua?"